Kwa Nini Kinga ya Umeme Husubiri Kabla ya Kukata

Stima inapopotea na kurudi, wakazi wengi hukutana na jambo moja lisilowapendeza. Taa za nyumba zimewaka, runinga ya jirani inasikika, lakini friji iliyochomekwa kwenye kile kifaa cha kuilinda bado imenyamaza. Kitaa kidogo kwenye kifaa kinapepesa. Dakika moja inapita, ya pili, ya tatu. Wapo wanaokata shauri kwamba kifaa kimeharibika, wakakichomoa na kuchomeka friji moja kwa moja ukutani. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu kifaa hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kinahesabu.

Kuhesabu huko ndiko kunakolinda pampu za visima, majokofu ya chanjo katika zahanati, mitambo ya upepo ya Marsabit na laini kubwa za gridi ya taifa. Kifaa cha nyumbani na kile cha kituo kikuu cha umeme hutofautiana kwa ukubwa na bei, lakini swali linaloulizwa ni lile lile: volti zikipanda kupita kiasi, kinga ingoje kwa muda gani kabla ya kukata? Jibu likiwa baya, friji huungua, kisima hukauka mabomba, na mara nyingine nchi nzima hulala gizani.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu katika usambazaji wa umeme na udhibiti wa kawi ndani ya mipaka yao. Laini kubwa si za kaunti, lakini pampu, zahanati, masoko na taa za barabarani ni za kaunti, na zote hutumia umeme ule ule unaoingia nyumbani kwa mwananchi. Kwa hivyo jambo hili si la wahandisi peke yao.

Relei na kazi yake

Kifaa kinachofanya uamuzi huitwa relei. Relei hupima na kuamua. Aghalabu yenyewe haikati umeme mkubwa, bali hutuma amri kwa breka, nayo breka ndiyo huachanisha nyaya. Katika kile kiboksi cha kulinda friji, vyote viwili vimefungiwa pamoja. Katika kituo cha umeme, relei hukaa ndani ya kabati chumbani na breka husimama nje uani, ikiwa kubwa kumshinda mtu.

Mafundi kote duniani huitambua relei ya volti kupanda kwa nambari 59, na ndugu yake ya volti kushuka kwa nambari 27. Mlinzi wa kisima cha mtaa akitazama mchoro uliobandikwa ndani ya mlango wa kabati ya pampu, huenda akaziona nambari hizo. Atazame tu, asiguse.

Fundi anayeipanga relei hiyo huiwekea mambo mawili: volti ngapi ndizo nyingi mno, na zidumu kwa muda gani ndipo umeme ukatwe. La kwanza halina ubishi mwingi. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240, na ule wa njia tatu unaoendesha mashine za kusaga na pampu kubwa ni volti 415. Ukiongeza asilimia 10 kwenye 240 unapata 264. Ukiongeza asilimia 20 unapata 288. La pili, la muda, ndilo linalowakesha mafundi.

Si kila mpando ni adui

Mtu asiyejua huenda akasema: kama volti zimezidi, kata mara moja, ya nini kungoja? Shida ni kwamba volti hupanda kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo huja na kuondoka kabla mtu hajapepesa jicho.

Chukua radi. Mpigo wa radi kwenye waya hufika kileleni ndani ya sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, au zaidi kidogo. Maabara zinazojaribu vifaa hutumia mpigo wa mfano unaofika kileleni kwa muda wa sehemu 1.2 za milioni ya sekunde, kisha ukashuka hadi nusu baada ya sehemu 50. Umeme wetu hupiga mapigo 50 kwa sekunde, kumaanisha pigo moja tu huchukua milisekunde 20. Breka ya kawaida ya gridi huhitaji mapigo mawili hadi matano ili kufunguka, yaani milisekunde 40 hadi 100. Radi imekuja, imeunguza, imeenda zake kabla breka haijaanza kusogea. Kumtumia relei radi ni kama kumtuma askari wa miguu amkamate swala aliyekwisha vuka mto. Kazi hiyo hufanywa na kinga za radi zinazofungwa juu ya nguzo na transfoma, ambazo hazingoji amri ya mtu: volti zikipita kiwango, zenyewe hufungua njia ya kupeleka nguvu hiyo ardhini. Wakazi wa Kisii na Kakamega, ambako radi ni jambo la kila msimu, wanajua thamani ya waya wa ardhi uliofungwa vizuri. Yule anayeuchimba na kuuuza kama chuma kuukuu anauza kinga ya mtaa mzima.

Upo pia mpando wa pili, mfupi lakini si mfupi kama radi. Kiwanda kimezima mashine kubwa, au laini fulani imekatwa na mzigo wake umeondoka kwa ghafla. Umeme uliokuwa ukielekea huko hubaki ukitafuta pa kwenda, na volti huruka juu kwa mapigo machache, pengine kwa sekunde moja hivi, mpaka mitambo inayorekebisha volti kule kwenye jenereta itulize mambo. Mpando huu hujiponya wenyewe. Relei iliyopangwa kukata papo hapo ingekata umeme kila mara jambo hili linapotokea, na wakazi wangekuwa gizani mara kadhaa kwa siku kwa ajili ya tatizo ambalo lilikwisha.

Wa tatu ndio hatari kwa kila mmoja: mpando unaokuja na kukaa. Transfoma imepangwa vibaya, kirekebishi cha volti kimekwama, au waya umekatika mahali pabaya. Huu haujiponyi, na kila dakika inayopita huongeza joto ndani ya vifaa.

Muda wa kusubiri, basi, ndio unaomwezesha relei kutofautisha mpando wa pili na wa tatu. Usipoisha kabla ya sekunde kadhaa, relei husema: huyu si mpita njia, huyu amekuja kukaa.

Vifaa vinaweza kuvumilia kiasi gani?

Fundi hawezi kuchagua muda kwa kubahatisha. Lazima ajue kifaa kinachokingwa kinaweza kustahimili nini.

Kwa vitu vya kuchemsha, hesabu ni rahisi. Joto hupanda kwa mraba wa volti. Birika la umeme lililotengenezwa kwa volti 240 likipewa 264, yaani asilimia 10 zaidi, hutoa joto asilimia 21 zaidi. Likipewa 288, hutoa asilimia 44 zaidi. Birika linaweza kuvumilia hilo kwa muda. Maji tu yatachemka upesi. Transfoma na mota zina shida tofauti: chuma cha ndani kinapopewa volti nyingi mno hushiba sumaku, na kikishashiba huanza kuvuta mkondo mwingi usio na kazi na kupata moto. Viwango vya kimataifa vinataka transfoma iweze kufanya kazi kwa asilimia 5 juu ya volti yake bila kuumia. Zaidi ya hapo, saa inaanza kuhesabu.

Kompyuta, runinga na vifaa vingine vya kielektroniki vina chati yao, iliyotungwa na sekta ya kompyuta nchini Marekani. Chati hiyo inasema kifaa kizuri kinapaswa kuvumilia asilimia 10 juu ya kawaida bila kikomo cha muda, asilimia 20 kwa nusu sekunde, asilimia 40 kwa milisekunde 3, na volti maradufu kwa milisekunde moja tu. Ilitungwa kwa umeme wa Marekani, ambao ni volti 120, lakini mafundi wa kwingineko huitumia kama mwongozo kwa sababu umbo lake linasema kweli: kadiri mpando unavyokuwa mkubwa, ndivyo muda wa kuvumilia unavyopungua.

Ndiyo maana relei nyingi huwa na ngazi mbili. Ngazi ya chini hukamata mpando mdogo na kungoja sana. Ngazi ya juu hukamata mpando mkubwa na kungoja kidogo. Kwenye laini za kilovolti 400, mpango unaotumika sana, na ambao umeandikwa katika miongozo ya India, ni kungoja sekunde 5 volti zikizidi kwa asilimia 10 hivi, lakini zikizidi kwa asilimia 40 hadi 50, relei hungoja milisekunde 100 tu.

Lipo jambo dogo ambalo mara nyingi husahauliwa, nalo ni kiwango cha kutulia. Tuseme relei huanza kuhesabu volti zikifika 264. Je, inaacha kuhesabu zikishuka hadi ngapi? Kama ni mpaka zishuke hadi 245, basi volti zilizopanda mara moja hadi 265 na kutulia kwenye 250, ambazo ni salama, bado zitahesabiwa kuwa kosa, na umeme utakatwa bure. Relei za zamani za sumaku zilikuwa na tatizo hili. Za kisasa hutulia karibu sana na pale zilipoanzia. Fundi anayebadilisha relei ya zamani kwa mpya na kunakili namba za muda bila kuliangalia hili hufanya kazi nusu.

Waya wa nyutro ukikatika

Hakuna mpando wa volti unaoharibu nyumba nyingi kwa siku moja kama ule wa waya wa nyutro kukatika, na unastahili kuelezwa pole pole.

Transfoma ya mtaa hutoa nyaya tatu za moto na waya mmoja wa nyutro. Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 240. Kati ya waya mmoja wa moto na mwingine kuna 415. Nyumba moja hupewa waya mmoja wa moto na nyutro, ya jirani hupewa waya mwingine wa moto, na zote hurudisha umeme kupitia nyutro ile ile. Nyutro ikikatika karibu na transfoma, kwa upepo, kwa fundo lililolegea au kwa wizi, nyumba hizo mbili hujikuta zimefungwa mmoja nyuma ya mwenzake kati ya volti 415. Zinagawana, lakini si sawa kwa sawa.

Tuseme nyumba ya kwanza ina pasi na birika vinavyotumia wati 1,000, na ya pili ina taa chache na runinga, wati 100. Kwa hesabu ya nyumba hizo mbili tu, ile yenye mzigo mzito itabaki na volti kama 38, na ile yenye mzigo mwepesi itapata kama 377. Mwenye kutumia umeme kidogo ndiye anayeunguliwa. Runinga, chaja za simu na taa za LED hazina uwezo wa kustahimili hilo kwa sekunde kadhaa.

Hapa ngazi ya juu ya kinga ndiyo inayookoa. Kifaa cha nyumbani kilichopangwa kungoja sekunde 5 kwa mpando wowote ule hakifai kwa kosa la namna hii. Kizuri hukata kwa sehemu ya sekunde volti zinapovuka 300 hivi, huku kikingoja zaidi zinapokuwa 265. Anayenunua kifaa dukani na asome maandishi ya kwenye karatasi yake. Kama kimeandikwa volti pekee bila muda, muuzaji aulizwe.

Dalili za nyutro iliyokatika ni rahisi kutambua: taa nyingine zinang'aa kupita kawaida na nyingine zinafifia kwa wakati mmoja, na ukiwasha pasi, taa hubadilika. Mkazi anayeona hivyo azime swichi kuu mara moja, kabla ya kuchomoa kitu kimoja kimoja. Kuzima mizigo mizito kwanza huzidisha volti kwa vile vilivyobaki.

Upepo wa Turkana na giza la Agosti 2023

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, kabla ya saa nne, sehemu kubwa ya Kenya ilipoteza stima, na maeneo mengine yalikaa gizani hadi siku iliyofuata. Baada ya hapo palizuka mjadala kuhusu chanzo. Upande mmoja ulieleza kwamba gridi iliangushwa na kupotea kwa umeme kutoka mitambo ya upepo ya Lake Turkana iliyoko kaunti ya Marsabit, ambayo wakati huo ilikuwa ikitoa kadiri ya megawati 270. Kampuni ya mitambo hiyo nayo ikasema mitambo ilijizima yenyewe kwa sababu volti kwenye gridi zilikuwa zimepanda kupita kiasi, na kwamba ndivyo ilivyoundwa kufanya ili isiharibike.

Msomaji akiyatazama maelezo hayo mawili kwa makini ataona kwamba yanaweza kuwa ya kweli yote kwa pamoja. Volti zinaweza kupanda, relei ikatimiza wajibu wake kwa mtambo wake, na kwa kutimiza wajibu huo ikaiangusha gridi. Hapo ndipo ugumu wa muda wa kusubiri ulipo.

Mitambo hiyo ni 365, yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla, na umeme wake husafiri kutoka Loiyangalani hadi Suswa kwa laini ya kilovolti 400 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400. Laini ndefu hivyo ina tabia inayowashangaza wengi: isipobeba mzigo, volti za mwisho wake huwa juu kuliko za mwanzo. Waya na ardhi hufanya kazi kama betri ndogo zilizopangwa njia nzima, na umeme unaojazwa humo huinua volti. Tabia hiyo ilipewa jina la Sebastian de Ferranti, mhandisi wa Uingereza wa karne ya 19. Kwa laini ya kilomita 400 na kitu isiyo na kizuizi chochote, mpando huo hufika asilimia 11 hivi: kilovolti 400 huwa kama 444. Ndiyo sababu laini ndefu hufungiwa riakta, ambazo hapa hazihusiani na nyuklia. Ni koili kubwa zinazofyonza nguvu hiyo ya ziada.

Sasa fikiria usiku, viwanda vingi vimefungwa, laini zinabeba kidogo, upepo unavuma vizuri. Volti ziko juu tayari. Kosa dogo likitokea, zinaruka. Relei ya mitambo ikikata, megawati 270 zinatoweka, mapigo ya umeme yanaanza kushuka chini ya 50 kwa sekunde, na gridi, ili kujiokoa, inakata baadhi ya wateja. Kukata wateja kunazifanya laini ziwe nyepesi zaidi, na laini nyepesi, kama tulivyoona, hupandisha volti. Dawa ya ugonjwa mmoja inachochea mwingine.

Hispania waliliona hili mchana kweupe. Tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana kwa saa za huko, Hispania na Ureno zilipoteza umeme karibu nchi nzima. Wataalamu wa muungano wa waendeshaji gridi wa Ulaya walieleza kwamba lilikuwa giza la kwanza kujulikana barani humo lililotokana na volti kupanda na kusababisha mitambo kukatika mmoja baada ya mwingine. Moja ya hatua za mwanzo ilikuwa transfoma ya eneo la Granada kukatwa na kinga yake ya volti, na kadiri ya megawati 355 zikaondoka. Kila mtambo ulioondoka uliacha volti zikiwa juu zaidi kwa waliobaki. Ripoti ya serikali ya Hispania iliyotolewa Juni mwaka huo iliongeza jambo la kuwauma mafundi: baadhi ya mitambo ilijikata kabla volti hazijafika kiwango kilichowekwa na sheria. Relei hizo hazikuwa mbovu. Zilikuwa na haraka.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimekuwa zikirefusha muda. Kiwango cha Marekani cha mwaka 2003 kwa mitambo midogo kama sola kilitaka ijikate ndani ya sekunde moja volti zikizidi kwa asilimia 10. Wakati huo sola ilikuwa chache na kuondoka kwake hakukuwa na madhara. Toleo la 2018 liliongeza muda huo hadi sekunde 2, na kwa kundi la mitambo inayotakiwa kuvumilia zaidi, sekunde 13. Juu ya asilimia 20 hakuna lililobadilika: sehemu 0.16 ya sekunde, basi. Nchini Kenya, ambako kanuni za mwaka 2024 zimefungua njia kwa wenye sola kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi, inveta za juu ya paa zitaanza kuwa na uzito wa aina hiyo hiyo, na mpangilio wake hautakuwa tena siri ya fundi na mwenye nyumba.

Njia nyingine ni kuhakikisha relei za jirani hazikati kwa pamoja. Laini mbili zinazotoka kituo kimoja huona volti zile zile. Zikiwekewa kiwango kimoja na muda mmoja, zitaondoka kwa wakati mmoja, ilhali huenda kuondoka kwa moja kungetosha kuzituliza volti. Kwa hivyo moja huwekewa asilimia moja au mbili juu ya nyingine, au sekunde moja zaidi.

Kisima na zahanati

Tukirudi mitaani, kuna muda wa pili ambao wakazi huuona zaidi kuliko wa kwanza: muda wa kurudisha. Ile friji iliyonyamaza mwanzoni mwa makala haya ilikuwa katika muda huu.

Kompresa ya friji husukuma gesi upande mmoja kwa nguvu. Ikizimwa, shinikizo linahitaji dakika chache kusawazika. Ikiwashwa kabla ya hapo, mota inajaribu kuanza ikiwa imebanwa, inavuta mkondo mkubwa bila kuzunguka, na koili inaungua. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Kwa pampu ya kisima, sababu ni nyingine. Umeme ukikatika na vali ya chini haishiki vizuri, maji yaliyokuwa kwenye bomba hurudi kisimani kwa kasi na kuizungusha pampu kinyumenyume. Ikiwashwa wakati huo, shafti inaweza kukatika, na kuvuta pampu iliyozama kutoka kina cha mita nyingi si kazi ya siku moja. Mwendeshaji wa kisima anayeufupisha muda wa kurudi kwa kuwa foleni ya mitungi imekuwa ndefu anaweza kuifanya foleni hiyo iendelee kwa wiki mbili.

Kwa zahanati, jambo la kuangalia ni kama kinga hurudi yenyewe au hungoja mtu. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Majokofu maalumu ya chanjo yenye kuta za barafu, yanayokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, hutakiwa kuhifadhi ubaridi kwa angalau saa 20 bila umeme hata nje kukiwa na nyuzi 43. Kwa jokofu la namna hiyo, kungoja dakika 5 au hata 10 si kitu. Lakini kinga iliyopangwa kujifunga mpaka mtu aje abonyeze kitufe ni hatari: ikikata Ijumaa jioni baada ya wahudumu kuondoka, jokofu litakaa bila stima hadi Jumatatu asubuhi, na hapo saa 20 zimepita zamani. Wasimamizi wa zahanati wanapopokea kifaa kipya cha kurekebisha volti wanashauriwa kumwuliza fundi swali hilo kabla hajaondoka, na jibu liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kando ya jokofu, pamoja na volti na muda uliowekwa.

Mkazi ambaye kinga yake hukata mara kwa mara asikimbilie kuiongezea volti wala muda. Kinga inayokata kila jioni kwa saa ile ile inaonyesha kwamba kuna jambo kwenye laini. Aandike tarehe, saa, na kama ana kipimo, volti alizoziona. Awaulize majirani wa transfoma hiyo hiyo kama nao wameona. Kisha apige ripoti Kenya Power kwa nambari 97771 akitaja nambari ya mita na nambari iliyoandikwa kwenye nguzo au transfoma. Nyaya za ndani ya nyumba zishughulikiwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambaye anatakiwa kuonyesha leseni hiyo akiulizwa. Malalamiko yasiyopata jibu yanaweza kupelekwa kwa mamlaka hiyo hiyo, na hapo yale maandishi ya tarehe, saa na volti ndiyo yatakayoulizwa kwanza.